Wimbo Uliokatwa na Taarifa ya Habari

Ndugu msomaji, nianze na deni. Baba yangu mdogo, mkazi wa Kamachumu wilayani Muleba, anadai wimbo. Hamdai mtu mmoja. Anaidai redio. Jioni moja katika miaka ya 80, akiwa kijana wa umri kama wangu leo, alikaa mbele ya redio kaseti ya kuazima, kidole kikiwa juu ya kile kitufe chekundu, akingoja wimbo mpya wa bendi moja ya Dar es Salaam ambao alikuwa ameusikia mara mbili tu. Ukapigwa. Akabonyeza. Ubeti wa kwanza ukaingia, wa pili ukaingia, magitaa yakaanza kuitana, tarumbeta ikadakia, na hapo hapo mtangazaji akaukata. Saa mbili kamili, taarifa ya habari.

Mwisho wa wimbo ule hakuusikia tena. Kaseti anayo bado, katika kopo la biskuti pamoja na nyingine kumi na nane, na ameirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic mara nyingi mno hata utepe umechoka. Ukimuuliza jina la wimbo atakutajia. Ukimwomba ruhusa ya kuliandika gazetini atakukatalia, kwa hofu kwamba mtu mwingine atamtangulia kuupata. Nimemheshimu. Watu wenye mapenzi ya namna hii haifai kubishana nao.

Kinachomuuma si kwamba wimbo haukumalizika. Ulimalizika! Uliimbwa studio mwanzo hadi mwisho, ukaandikiwa kadi, ukawekwa rafuni. Nchi nyingine wapenzi wa muziki huigombeza kampuni ya santuri inapoifungia kabatini albamu iliyokwisha kurekodiwa. Hapa kwetu kampuni ya kugombezwa haikuwapo. Kulikuwa na redio, na redio ndiyo iliyokuwa studio, ghala na jukwaa kwa pamoja. Kwa hiyo hasira ya baba mdogo ina historia yake, na mimi niliyemaliza kidato cha nne bila kufundishwa historia hiyo hata kwa mstari mmoja imenibidi niiokote huku na huko.

Redio hiyo ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawekwa moja kwa moja chini ya serikali, ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Hiyo ndiyo RTD ya wazee wetu. Kuanzia hapo hadi miaka ya 90, mwanamuziki wa Tanzania aliyetaka sauti yake isikike nchi nzima alikuwa na mlango mmoja, ule wa studio za RTD kule Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere.

Jinsi mambo yalivyokwenda ni hivi. Bendi ilipeleka kwanza maneno ya nyimbo zake, kamati ikayasoma kuona kama yanafaa. Yakipita, bendi inaitwa. Wanaingia wote kwa mpigo, waimbaji, magitaa, ngoma na wapulizaji, mbele ya maikrofoni chache, na wimbo unapigwa mzima kama dansini. Akikosea mmoja wanarudia wote. Ndiyo sababu nyimbo zile zina ule uhai ambao muziki wa kupachika kipande kwa kipande hauna, lakini hilo ni la siku nyingine. Wimbo ukikubaliwa, kanda inakwenda maktaba. Wanamuziki wanapata malipo kidogo na jina, wanarudi baa kupiga dansi.

Kisha ndiyo basi. Wimbo umetoka, lakini umetoka hewani tu. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Ukiupenda huwezi kwenda dukani Bukoba mjini na fedha yako ukaununua. Unaweza kuungoja tu. Redio ikipenda utausikia Jumamosi, isipopenda utausikia mwakani, na kama aliyepanga kipindi haipendi bendi hiyo, shauri yako.

Santuri zilitengenezwa Nairobi. Huko ndiko zilikokuwa kampuni kubwa na mashine, na bendi zetu zilizoweza nauli zilikwenda kurekodi upya yale yale waliyokwisha kuyarekodi Barabara ya Pugu. Sisi wa pande hizi tulikuwa na njia yetu ya kuyapata. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilizunguka ziwa, na mzigo wa Kisumu ulifika bandari ya Bukoba bila kukanyaga Dar es Salaam. Wazee wa Kashai na Hamugembe wanakumbuka gramafoni zilizowekwa kwenye baraza za maduka ili kuita wateja, nawe hata kama hukuwa na senti ulisimama na baiskeli yako ukasikiliza hadi mwenye duka akachoka kukuona.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na ukakaa umefungwa hadi 1983. Wanamuziki wetu waliokuwa Nairobi, kama ndugu Wilson na George Peter Kinyonga kutoka Tanga, waliendelea kuwika huko huko. Huku nyuma njia ya santuri ikaziba. Na kama vile hiyo haikutosha, mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka na kuliteka eneo letu la kaskazini ya Mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, ikawa vita. Mkoa wenyewe, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ulitoka vitani na jina jipya la Kagera mwaka 1979. Mtu aliyekuwa anatafuta betri, sukari na sabuni angeanzaje kuulizia santuri?

Kwa hiyo kilichobaki ni redio, na kwa hao waliobahatika, redio kaseti. Hapa, msomaji, naomba nikae kidogo, maana hapa ndipo ninapoona ushujaa.

Kurekodi kutoka hewani kulikuwa ni fani. Kwanza betri. Betri za National zilianikwa juani asubuhi ili zipate nguvu ya jioni, na wengine walizing'ata kidogo ubavuni. Pili kaseti. Ukikosa mpya unachukua ya kwaya au ya mahubiri, unaziba kwa kipande cha karatasi vile vitundu viwili vya juu vilivyovunjwa ili isifutwe, unarekodi juu yake. Tatu, na ndiyo kazi ngumu, ni kumjua mtangazaji. Baba mdogo alijua nani huacha wimbo uishe na nani huongea juu ya gitaa. Alijua nani hupenda kuanza kipindi na bendi ipi. Asiye na redio kaseti yenye redio ndani yake aliweka kinasa sauti mbele ya redio ya jirani, akawaamuru watoto wote wanyamaze. Ndiyo maana kaseti nyingi za Muleba zina mvua juu ya bati, kikohozi, mlango, na sauti ya mama akiuliza kama ndizi zimemenywa.

Halafu kulikuwa na maduka ya kurekodia. Ulipeleka orodha yako ya nyimbo na kaseti tupu, ukalipa, ukarudi baada ya siku mbili. Mwenye duka alikuwa amezinasa redioni usiku kucha au amezitoa kwenye kaseti ya mtu aliyezitoa kwenye kaseti ya mtu. Kwa njia hiyo wimbo mmoja uliopigwa Dar es Salaam ulifika Nshamba ukiwa umepita mikono sita, magitaa yanasikika kama yako ndani ya mtungi. Watu walilipia huo mtungi kwa furaha.

Sasa niseme na ubaya wake, nisije nikaonekana natetea wizi. Fedha ile ya duka la kurekodia haikufika hata senti moja kwa mtunzi. Marijani Rajabu, ambaye sauti yake ilijulikana hadi vijiji visivyo na barabara, siku za mwisho wa maisha yake alikuwa akiuza kaseti Dar es Salaam ili aishi. Alifariki mwaka 1995. Sheria mpya ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na chini yake ikaundwa COSOTA. Wengi wa waliozijaza zile kanda walikuwa wamekwisha kuzeeka au kuzikwa. Nilipomsomea baba mdogo habari hizi alinyamaza, akasema, "Waitu, mimi ningemlipa. Ningemlipia wapi?" Sikuwa na jibu. Tazama hapo: mpenzi ana fedha mkononi, mwanamuziki ana njaa, na katikati yao kuna mlango wenye kufuli.

Wengine watasema nailaumu RTD bure, na wana haki kiasi. Bila redio ile nyimbo zile zisingenaswa kabisa. Nani mwingine angerekodi bendi za mikoani na ngoma za vijijini, kwa miaka thelathini, bila kutafuta faida? Mafundi wale walifanya kazi kubwa kwa vifaa vichache, na kanda zilihifadhiwa wakati taasisi nyingi zilikuwa zinachoma karatasi zao. Nakubali. Lakini kuhifadhi ni kazi nusu. Chakula kilichohifadhiwa ghalani hadi walaji wakafa tutakiitaje? Nalaumu kwamba kwa miaka yote ile hawakuona kuwa msikilizaji naye angependa kuwa na nakala.

Na pengine si RTD tu. Nadhani ni ugonjwa wa mahali pengi, na ziwa letu hili lina mifano miwili ambayo mimi hainiachii usingizi.

Wa kwanza ni wa enanga. Mwaka 1950 Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, alipita kwetu na mashine zake za kunasa sauti. Miongoni mwa aliowarekodi alikuwa Habib bin Selemani, mpiga enanga, akiimba habari za Mugasha, yule bwana wa ziwa na dhoruba. Rekodi zake Tracey ziliwekwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ndogo ya Uholanzi, SWP, ikazitoa kwa CD. Hesabu mwenyewe: nusu karne! Mtoto aliyesimama pembeni siku ile akisikiliza, kama alibahatika kuishi, alikuwa mzee CD ilipotoka, na CD yenyewe ilikuwa inauzwa Ulaya.

Wa pili si wa muziki, lakini nivumilie, maana mimi nataka kuandika riwaya na muswada wangu wa kwanza umelala katika droo ya mchapishaji fulani mwaka wa tatu sasa. Ng'ambo ya maji, Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka, kwa Kikerewe, mwaka 1945. Hakupata wa kuichapa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaitoa ikiwa na tarehe ya 1980, na mwaka 1981 mzee akafariki kabla hajakishika kitabu chake mkononi. Miaka thelathini na mitano kazi imekwisha, imekaa. Nikifikiria hilo naacha kulalamika juu ya miaka yangu mitatu, ingawa si kwa muda mrefu.

Hata kwa wakubwa wa dunia hutokea. Desemba 1987 Prince wa Marekani aliizuia albamu yake nyeusi wiki moja tu kabla haijaingia madukani, na malaki ya nakala yakaharibiwa. Huyu aliizuia mwenyewe, si kampuni. Wapenzi wake wakafanya kile kile cha Kamachumu: wakanakiliana kaseti, mtu kwa mtu, sauti ikizidi kufifia, hadi ilipotolewa rasmi mwaka 1994. Tofauti ni kwamba wao walijua ipo, inaitwaje na ina nyimbo ngapi. Baba mdogo hana hata orodha.

Nashangaa zaidi nikikumbuka jinsi watu wanavyonunua wakipewa nafasi. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979. Kwa kuwa alikuwa amerekodi na kampuni ya Nairobi, kampuni iliendelea kutoa santuri zake moja baada ya nyingine kwa jina la Ukumbusho, na zikauzika. Marehemu akawa anatoa muziki kuliko walio hai, ambao kazi zao zilikuwa rafuni Dar es Salaam!

Na kwetu hapa ushahidi ni Saida Karoli. Mwaka 2001 binti huyu wa Kagera alitoka na albamu ya Maria Salome, ameimba kwa Kihaya, lugha ambayo watu wengi wa Tanga au Songea hawaielewi hata neno, na nchi nzima ikacheza. Kwenye redio ya zamani ya taifa, iliyokuwa ya Kiswahili, wimbo kama ule ungepigwa katika kipindi cha ngoma, kisha ungelala. Lakini sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilikuwa imekwisha kuruhusu redio binafsi, na kaseti yenyewe ilikuwa sokoni, unailipia unaondoka nayo. Mwaka 2016 Diamond Platnumz akauchukua wimbo huo akaufanya upya, na vijana wa rika langu ambao hawakujua asili yake wakaanza kuutafuta ule wa kwanza. Waliupata, kwa sababu uliuzwa. Unapouza nakala elfu, hata moja ikiliwa na mchwa zipo nyingine.

Wazungu nao walitutangulia kufungua kabati letu. Albamu ya The Tanzania Sound ilitoka Marekani mwaka 1987, na baadaye Wafaransa wakatoa mfululizo wa Zanzibara wenye muziki wa dansi wa Dar es Salaam, mmoja mwaka 2007 wa nyimbo za miaka ya 60 na mwingine mwaka 2009 wa miaka ya 1978 hadi 1983. Kazi nzuri, maelezo safi, na siwaonei wivu. Ila nilipomwonyesha baba mdogo orodha ya nyimbo kwenye simu yangu, alivaa miwani, akapita nayo kwa kidole toka juu hadi chini, akarudia, akanirudishia simu. Wake haumo.

RTD yenyewe iliunganishwa mwaka 2002 katika Taasisi ya Utangazaji Tanzania, na baadaye ikawa TBC. Mwaka 2012 vijana wachache chini ya jina la Tanzania Heritage Project walianza kuchangisha fedha ili zile kanda za zamani zihamishiwe kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Sumaku ya utepe ina umri wake, haingoji vikao.

Basi mwezi wa senene uliopita nikaamua kufanya utafiti wa miguu. Niliulizia Bukoba mjini kwa mafundi redio, nikaulizia Muhutwe, nikapanda bodaboda hadi Nshamba kwa mzee mmoja niliyeambiwa ana kaseti zaidi ya mia mbili. Nilimkuta akianika kahawa. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, nikamwimbia ubeti wa kwanza. Ninaimba vibaya. Alinitazama kwa muda, akaingia ndani, na baada ya kama nusu saa akatoka na kaseti isiyo na jalada, imeandikwa namba tu kwa wino wa kijani.

Ubeti wa kwanza haukuwepo. Yeye alikuwa amechelewa kubonyeza. Lakini ubeti wa pili ulikuwepo, na magitaa yakaitana, na tarumbeta ikadakia, na siku hiyo hapakuwa na taarifa ya habari. Wimbo ukaenda hadi mwisho wake. Alikuwa amenasa kwa kinasa sauti kilichowekwa mbele ya redio, maana pale tarumbeta inapopanda juu kabisa, jogoo naye anawika, mara mbili, karibu kabisa na maikrofoni.

Niliurekodi kwa simu, nikamshukuru mzee, nikarudi Kamachumu usiku. Baba mdogo alikuwa amekwisha kula. Hakuniuliza kitu, alizima taa ya nje akakaa. Nikampigia. Alisikiliza akiwa ameinama, mikono magotini, kama mtu aliye kanisani. Ulipoisha aliniomba niurudie. Ulipoisha mara ya pili alikaa kimya, nikadhani analia.

"Jogoo ameharibu," alisema.

Nikamwambia, baba, huyo jogoo alikwisha kuliwa toka enzi za Mwinyi, tumsamehe. Hakucheka. Aliniuliza nauli ya Nshamba siku hizi ni kiasi gani, na kama nilikuwa nimegeuza ile kaseti nikaona upande wa pili una nini.